Kutathmini Huduma za Afya ya Msingi kwa Watoto Mjini Bukavu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa zoni za afya, wauguzi wakuu wa vituo, wanakamati wa CODESA (kamati ya wakazi inayofuatilia afya ya eneo) na vijana wa mashirika ya hapa mjini ambao kila mwaka hutumwa "kufanya tathmini" bila kuonyeshwa pa kuanzia. Ninachukulia kwamba msomaji ana majuma matatu, wasaidizi sita hadi wanane, nauli isiyotosha, na mpango mmoja wa kuuchunguza ndani ya moja ya zoni tatu za mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, yaani Ibanda, Kadutu au Bagira. Mpango huo kwa kawaida hujumuisha chanjo, siku za kupima watoto ambazo sote huziita CPS, matibabu ya malaria, kuhara na nimonia, pamoja na utambuzi wa utapiamlo. Anayefanya kazi Lubumbashi au Goma atazikuta hatua zilezile, ingawa wa Goma atakaa zaidi kwenye hatua ya pili, kwa kuwa huko idadi ya wakazi wa mtaa inaweza kubadilika kwa usiku mmoja, kama ilivyoonekana Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka.

Hatua ya kwanza: andika swali, kisha andika uamuzi utakaotokana nalo

Kabla ya kuchapisha fomu yoyote, kaeni na daktari mkuu wa zoni na mwandike kwa sentensi moja mnachotaka kujua, na chini yake mwandike ni uamuzi gani utakaobadilika kulingana na jibu. Swali kama "Je, mpango unaenda vizuri?" halifai, kwa sababu hakuna jibu lake litakalomfanya mtu yeyote ahamishe friji, aongeze siku ya chanjo au apunguze bei ya fishi, ile karatasi ya kutibiwa. Swali linalofaa ni kama hili: "Je, watoto wa miezi 12 hadi 23 wanaokaa kwenye avenyu za mlimani wamekamilisha chanjo kwa kiwango sawa na wale wa kando ya barabara, na kama hapana, je, tufungue kituo cha kuchanjia kule juu mara moja kwa mwezi?" Hapo kila mtu anajua tangu mwanzo matokeo yatatumika wapi.

Tenganisha pia mambo matatu ambayo ripoti zetu huyachanganya: huduma iliyotolewa, mtoto aliyefikiwa, na mtoto aliyepona au asiyeugua. Dozi 600 zilizodungwa ni jambo la kwanza tu. Jirani zetu wa Maniema waliliona hilo zamani. Kikundi cha mradi wa Kasongo kilichapisha mwaka 1981 uchunguzi ulioangalia kama chanjo ya surua iliongeza kweli uwezekano wa watoto wa miezi 7 hadi 35 kuendelea kuishi. Hakikuridhika kuhesabu sindano. Ni mradi huohuo ambao uzoefu wake ulichangia namna nchi yetu ilivyojipanga kwa zoni za afya baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi. Kwa majuma matatu na nauli isiyotosha hutaweza kupima vifo, wala usijaribu, lakini unaweza kufika salama kwenye jambo la pili, yaani mtoto aliyefikiwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo.

Hatua ya pili: tafuta idadi ya watoto unaogawanya nayo

Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika, tena kimyakimya. Kila asilimia ya chanjo ina namba mbili, watoto waliochanjwa juu na watoto waliopaswa kuchanjwa chini. Namba ya juu huchunguzwa, hugombaniwa na husahihishwa. Namba ya chini hupokelewa kutoka ofisini kama ilivyo, na mara chache mtu huuliza ilikotoka.

Ilikotoka ni mbali. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo idadi ya wakazi wa kila zoni imekuwa ikikadiriwa kwa kuongeza kiwango kilekile cha ukuaji mwaka baada ya mwaka, na wakati mwingine kusahihishwa kwa hesabu za reko (wahudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani) au za kampeni. Kutoka kwenye makadirio hayo ndipo tunapotoa watoto: asilimia 3.49 ya wakazi huchukuliwa kuwa watoto wa miezi 0 hadi 11 wa kuchanjwa kwa mwaka, na asilimia 18.9 kuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Asilimia hizo ni zilezile kwa Nyalukemba, ambako nyumba zina geti na bustani, na kwa Cimpunda, ambako familia tatu hugawana ukuta mmoja wa mbao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme eneo moja la afya, yaani sehemu ya zoni inayohudumiwa na kituo kimoja, limeandikiwa wakazi 15,000. Watoto wa kuchanjwa kwa mwaka ni 15,000 mara asilimia 3.49, yaani takribani 524. Rejista inaonyesha kwamba dozi ya tatu ya Penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) ilitolewa kwa watoto 610, kwa hiyo kituo kinaripoti asilimia 116. Wapo watakaopiga makofi. Wewe andika namba hiyo pembeni na uanze kuuliza.

Swali la kwanza ni kama wakazi ni wengi kuliko walivyoandikwa. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiingia Bukavu wakikimbia vita vijijini, wakapanga chumba kwa ndugu, na hakuna daftari lililowafuata. Njia nzuri ya kulijua hilo ni karatasi za kampeni ya polio, kwa maana wachanjaji wa polio hupita nyumba kwa nyumba na kuhesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Tuseme katika eneo letu walihesabu 3,900, ilhali kwa asilimia 18.9 tungetarajia 2,835 tu. Ukigeuza hesabu, watoto 3,900 wanaashiria wakazi wapatao 20,600, na watoto wa kuchanjwa kwa mwaka wapatao 720. Ghafla asilimia 116 inakuwa 85.

Swali la pili ni kama watoto wote waliochanjwa ni wa eneo hilo. Kituo kilicho karibu na soko la Kadutu au kando ya barabara kubwa hupokea watoto wa akina mama wanaokuja kuuza, wanaotoka zoni nyingine, hata wanaoshuka kutoka vijiji vya Kabare. Chukua rejista, soma safu ya anwani, na utenganishe. Ikiwa 90 kati ya wale 610 ni wa nje, wanabaki 520, na 520 ukigawanya kwa 720 unapata asilimia 72. Kituo hakijafanya kosa lolote kwa kuwachanja wageni, kimefanya vema. Kosa ni kuwahesabu kana kwamba wanaziba pengo la watoto wa hapo, ambao zaidi ya robo yao hawajafikiwa.

Lakini hata karatasi za kampeni zinaweza kutiwa chumvi, hasa pale posho ya wachanjaji inapofuata idadi. Kwa hiyo chagua avenyu mbili au tatu, zipitie pamoja na mkuu wa avenyu na reko wa hapo, na mhesabu wenyewe mlango kwa mlango kwa asubuhi moja. Mkikuta tofauti kubwa na karatasi za kampeni, namba yenu ndiyo ya kuaminiwa zaidi kwa avenyu hizo, na itawapa fununu ya ukubwa wa chumvi kwingine. Linganisha pia idadi ya BCG (chanjo ya kifua kikuu ya mtoto mchanga) na idadi ya watoto waliozaliwa katika maternite (vituo vya kujifungulia) za eneo, zikiwemo za watu binafsi, ambazo husahaulika kwa sababu ripoti zake hazifiki zote kwenye ofisi kuu ya zoni.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji idadi ya wakazi hata kidogo, nami hukipenda kwa sababu hiyo. Ni kiwango cha watoto wanaoanza na kuacha: chukua Penta ya kwanza, toa Penta ya tatu, gawanya kwa Penta ya kwanza, zidisha kwa 100. Kikizidi asilimia 10, akina mama wanakuja mara moja kisha wanaacha kurudi, na inabidi kujua walikutana na nini siku ile ya kwanza. Kikiwa chini ya sifuri, kwa mfano Penta ya kwanza 580 na ya tatu 610, basi ama kuna watoto walioanzia kwingine wakamalizia hapo, ama kuna mtu anaandika asichokifanya. Anwani na tarehe katika rejista hutosha kukuambia ni lipi.

Hatua ya tatu: hesabu upya kilichoripotiwa

Chagua miezi mitatu, usiuchague wewe mwezi wa kwanza bali uchotwe kwa kura, na kwa kila mwezi weka mezani karatasi nne: karatasi ya kuhesabia ya siku ya chanjo, rejista, nakala ya ripoti ya mwezi iliyobaki kituoni, na kilichoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Hesabu rejista kwa mkono. Ukikuta watoto 94 na ripoti inasema 118, gawanya 94 kwa 118: unapata asilimia 80. Kwa kawaida hukubaliwa kati ya 90 na 110. Nje ya hapo, takwimu za kituo hicho zisitumike mpaka zifafanuliwe.

Kisha fungua fishi ya stoki, yaani kadi ya vinavyoingia na kutoka stoo. Ikiwa mwezi ule vilitoka vichupa tisa vya dozi 10, dozi 118 za Penta haziwezi kuwa zimetolewa, hata kama kila tone lilitumika. Hoja ya namna hii haimwiti mtu mwongo, na ndiyo maana ni nzuri kuileta mbele ya mwuguzi mkuu: inamwachia nafasi ya kueleza kwamba alikopa vichupa kituo jirani, jambo ambalo hutokea kweli.

Kivu Kusini lilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo nchini kujaribu malipo kulingana na matokeo, katikati ya miaka ya 2000, na tangu hapo tumejifunza kwamba namba inayolipiwa huwa na tabia ya kupanda. Tumejifunza pia dawa yake, ambayo ni kuchukua majina machache kutoka rejistani na kwenda kuyatafuta mtaani. Chukua majina 10 kwa kila kituo. Ukiwakosa watoto watatu au wanne ambao hakuna jirani aliyewahi kuwasikia, andika hivyo. Na ukikutana na rejista ya mwezi mzima iliyoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila herufi iliyofutwa wala doa la mvua, ongeza majina yawe 20.

Hatua ya nne: kaa kituoni asubuhi nzima

Friji kwanza. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto huandikwa mara mbili kwa siku, Jumapili ikiwemo. Angalia kama kipimajoto kilichomo kinakubaliana na karatasi iliyobandikwa mlangoni, tazama kidoa cha kuonyesha joto cha kila kichupa kama hakijageuka rangi, na uliza kichupa cha surua kilichofunguliwa jana kiko wapi, kwa sababu kikishachanganywa hakitumiki baada ya kupita muda wa saa sita. Hakikisha kwamba Penta haijagusana na barafu, maana chanjo hiyo huharibiwa na kuganda kuliko inavyoharibiwa na joto, na wengi wetu tumefundishwa kuogopa joto tu.

Upande wa dawa, hesabu ni siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita kituo kilikaa bila dawa mseto ya malaria, vipimo vya haraka vya malaria, chumvi ya kuhara, zinki na amoksisilini. Usikubali jibu la "hazikosekani"; soma fishi. Zinki ndiyo hupotea kimya, kwa kuwa mama hajui kuidai. Mtoto mwenye kuhara anapaswa kuipata kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita.

Baada ya hapo keti kwenye kona ya chumba cha mashauri na uangalie watoto kumi hivi wakitibiwa. Mtu akitazamwa hufanya vizuri kuliko kawaida yake, kwa hiyo wale wawili watatu wa kwanza usiwahesabu. Kufikia wa nne mwuguzi amechoka kukuogopa na mazoea yake yamerudi. Angalia kama anauliza dalili nne za hatari: mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Angalia kama anamvua nguo mtoto anayekohoa na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa miezi 12 hadi 59, ni za haraka mno. Katika kazi yangu hiki ndicho kitendo nilichokiona kikirukwa kuliko vyote. Kisa chake kwa kawaida ni saa: mwuguzi hana saa yenye mshale wa sekunde, na simu yake imezimika kwa kukosa umeme. Kasoro ya namna hiyo haihitaji semina ya siku tano.

Kwa utapiamlo, angalia kama utepe wa mkono unatumika kwa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 au kwa yule tu anayeonekana amekonda. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kati ya 115 na chini ya 125 ni wa wastani, na mtoto aliyevimba miguu yote miwili huingia kwenye mkali hata kama utepe unasema yuko salama. Chukua watoto watano waliokwisha kupimwa, uwapime tena, na uandike tofauti.

Mwisho wa asubuhi, simama nje ya uzio na uwaulize akina mama wanaotoka wamelipa kiasi gani na kwa ajili ya nini. Waulize nje, kamwe usiulizie ndani.

Hatua ya tano: panda mlima, ukawatafute wasiokuja

Miaka kadhaa iliyopita niliandika ripoti nzuri juu ya eneo moja la afya la mji huu baada ya kuhoji akina mama wengi, wote siku ya CPS, wote wamebeba kadi. Reko mmoja, mama wa makamo, aliisikiliza ripoti mpaka mwisho, akaniuliza kwa heshima: "Na wale wasiokuja, muganga, uliwauliza wapi?" Sikuwa na jibu. Hatua hii nimeirefusha kwa ajili yake.

Kwanza amua ukubwa wa sampuli. Ikiwa unataka asilimia moja kwa zoni nzima, njia iliyozoeleka ni kuchagua vikundi 30 na watoto saba katika kila kikundi, jumla 210, na matokeo yake huwa na wasiwasi wa pointi kama 10 juu na chini. Ikiwa unataka kujua ni eneo lipi la afya liko nyuma, chukua watoto 19 wa miezi 12 hadi 23 katika kila eneo. Kwa lengo la asilimia 80, eneo lenye watoto 13 au zaidi waliokamilisha linahesabiwa kuwa limefikia. Lenye 12 au pungufu linawekwa kwenye orodha ya kusaidiwa kwanza. Usiandike kwamba eneo lenye 14 kati ya 19 lina "asilimia 74", kwani sampuli hiyo haikutengenezwa kusema hivyo. Imetengenezwa kupanga maeneo kwenye mafungu mawili. Ukiunganisha maeneo matano, watoto 95, hapo ndipo unaweza kukadiria zoni, mradi kila eneo lipewe uzito kulingana na wakazi wake.

Pili, namna ya kumchagua mtoto. Wazee wa kazi hii walizoea kuzungusha chupa au kalamu katikati ya mtaa na kufuata inakoelekea. Kwenye tambarare inaweza kupita, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya karibuni umeiacha na kutaka orodha ya kaya. Kwa mitaa ya mlimani kama Nkafu, Nyamugo au Panzi njia ya chupa inadanganya waziwazi, kwa sababu mtafiti hufuata kijia, na kijia hupita mbele ya nyumba za wenye nafuu. Zile zilizoning'inia ukingoni mwa mmomonyoko, ambako unashuka kwa kushikilia mawe, hazifikiwi kamwe. Tengeneza orodha. Mkuu wa avenyu na reko wakae pamoja, waandike kila mlango wenye mtoto wa chini ya miaka mitano, wapangaji wa vyumba vya nyuma na waliokimbia vita wakiwemo, kisha namba ziandikwe kwenye vikaratasi, vikunjwe na kuchotwa mbele ya wote. Inachukua siku moja kwa kila avenyu na ni siku iliyotumika vizuri.

Tatu, saa ya kwenda. Akina mama wengi wa Kadutu wako sokoni kuanzia alfajiri, na wa pwani ya ziwa husubiri mitumbwi. Ukienda saa nne asubuhi utawakuta waliobaki nyumbani, ambao maisha yao ni tofauti. Nenda jioni, au Jumapili baada ya ibada, na mlango uliofungwa urudiwe mara mbili kabla ya kuachwa. Nyumba isibadilishwe kwa jirani "kwa sababu yupo".

Nne, maneno. Fomu iandikwe kwa Kiswahili cha hapa, siyo Kifaransa kinachotafsiriwa papo hapo na kila mmoja kivyake, na awepo mtu wa kuuliza kwa Kimashi pale mama anapojieleza vizuri zaidi kwa lugha hiyo. Piga hodi, salimia, mwite kwa jina la mtoto wake mkubwa kama majirani wanavyomwita, eleza umetumwa na nani, mweleze kwamba anaweza kukataa na hatanyimwa huduma, kisha ungoje jibu. Usimwulize "Mtoto amechanjwa?", kwa kuwa kila mama atasema ndiyo, na atasema kwa haki, kwa kuwa sindano moja nayo ni chanjo. Mwambie: "Mama, naomba unionyeshe kadi ya mtoto." Nakili tarehe zote kama zilivyo, au piga picha ya kadi kwa ruhusa yake. Kadi ikiwa imelowana, imepotea au imebaki kwenye nyumba iliyohamwa, uliza kwa mfano: tone la mdomoni, sindano ya paja, sindano ya mkono alipofikisha miezi tisa, na utafute kovu la BCG. Majibu ya kumbukumbu yaandikwe kwenye safu yake, yasichanganywe na ya kadi.

Uliza pia kama mtoto aliharisha, alipata homa au alikohoa ndani ya majuma mawili yaliyopita, na zaidi ya yote alipelekwa wapi kwanza. Acha mama asimulie kwa mpangilio wake. Utasikia famasi ya kona, utasikia chumba cha sala, utasikia nyanya mwenye majani, na kituo cha afya kikija cha tatu au cha nne, siku ambayo mtoto hawezi tena kunyonya. Andika siku zilizopita kati ya dalili ya kwanza na kituo, na sababu kwa maneno ya mama mwenyewe. Neno "pesa" litajitokeza sana. Mwombe afafanue, kwa maana mara ni bei ya fishi, mara ni nauli ya pikipiki ya kuteremka mlimani usiku, mara ni deni la mtoto aliyetangulia ambalo linamfanya aone haya kurudi.

Mwenye kukuta mtoto ambaye utepe wake uko chini ya 115, au anayehema haraka, aache kuhoji. Aandike karatasi ya kumpeleka kituoni, apige simu, na ahakikishe jioni kwamba alifika. Weka akiba ya nauli kwa ajili hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya sita: soma matokeo bila haraka

Hesabu zenyewe si ngumu na laha ya kompyuta inazimaliza kwa siku mbili. Angalia tarehe kabla ya kuhesabu dozi: Penta iliyotolewa kabla ya juma la 6, au kwa nafasi iliyo chini ya majuma manne, na surua iliyotolewa kabla ya miezi tisa, ziwekwe kando. Kwa surua tazama kwa jicho kali zaidi, kwa sababu mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 7,000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, na ulipenya kupitia mapengo madogomadogo kama haya yanayofichwa na wastani mzuri wa zoni.

Tenganisha matokeo kwa mlimani na bondeni, wenyeji na waliokimbia, wenye kadi na wasio nayo. Na ujihadhari kuupa mpango sifa isiyo yake. Utafiti wa kitaifa wa 2013-14 ulikadiria vifo 104 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, na ule wa 2017-18 ukakadiria 70. Si mradi mmoja ulioshusha namba hiyo, na sehemu ya tofauti inaweza kutokana na namna tafiti mbili zilivyofanywa. Ukitaka kudai kwamba mpango wako ndio uliopandisha chanjo, uwe na eneo jirani lisilokuwa na mpango, lililopimwa kwa njia ileile na kwa miezi ileile. Ukikosa, andika kwamba chanjo zimepanda wakati mpango ukiendelea, na uishie hapo.

Hatua ya saba: rudisha matokeo palipotoka

Kituo na CODESA wayasikie kwanza, ofisi kuu ya zoni ifuate kwenye mkutano wake wa mwezi, mfadhili awe wa mwisho. Nimeona mpangilio huu ukigeuzwa, na mwuguzi akisomewa makosa ya kituo chake kutoka kwenye skrini ya hoteli mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfungulia mtafiti rejista bila kuisafisha kwanza.

Mbele ya kamati tumia ramani iliyochorwa kwa mkono, avenyu zikipakwa rangi, kuliko majedwali. Wajumbe watakusahihisha papo hapo: kwamba avenyu ile iliteremka na mmomonyoko na watu wamehamia upande wa pili, kwamba ile nyingine siku ya chanjo ndiyo siku ya soko lao. Masahihisho hayo yaingie kwenye ripoti yakiwa na jina la kamati. Kisha chagueni mambo matatu, yasizidi, ambayo kituo na zoni wanaweza kuyafanya bila kungoja pesa kutoka nje, kama kuhamisha siku ya CPS, kununua saa ya kuhesabia pumzi, au kumpa kila reko orodha ya watoto walioacha baada ya Penta ya kwanza. Kila jambo liandikiwe cheo cha atakayelitekeleza na tarehe.

Baada ya miezi mitatu rudi na fomu ya ukurasa mmoja, watoto 19 katika eneo lililokuwa nyuma kuliko yote. Orodha ya milango ya kila avenyu, iliyowagharimu siku nyingi, iachwe kituoni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mbali na lile pembe la chumba ambalo paa lake huvuja, na mwuguzi mkuu aonyeshwe namna ya kuongeza mlango mpya kila mara reko anapoleta habari ya familia iliyohamia.